Somo: kupima mkazo wa misuli na hisia ya maumivu baada ya kiharusi

Mpeleke mgonjwa msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa hukaza misuli. Joto la Dar lisikudanganye ukamwelekezea feni. Baridi nayo hukaza. Alale chali, kichwa kikae katikati.

Anza na upande mzima, yaani usiopooza. Mkono wako mmoja ushike juu ya kiwiko, mwingine kifundo cha mkono. Mwambie aulegeze, asikusaidie. Kunja kiwiko, kisha kinyooshe polepole ujue kinaishia wapi. Kikikwama palepale hata kwa mwendo wa taratibu, huenda msuli umefupika, si mkazo wa kiharusi. Sasa nyoosha haraka, kwa sekunde moja hivi. Usirudie mara nyingi: msuli ukivutwavutwa hulegea, ukaandika alama ndogo kuliko hali halisi.

Alama za Ashworth iliyorekebishwa (1987), kipimo cha mkazo wa misuli: 0, mkazo haujaongezeka. 1, unakwama kidogo na kuachia, au unakaza mwishoni tu. 1+, unakwama, kisha ukinzani mdogo unaendelea hadi mwisho, chini ya nusu ya safari ya kiungo. 2, mkazo sehemu kubwa ya safari ila kiungo kinasogea kirahisi. 3, kukisogeza ni kazi. 4, kimeganda. Mkono uliolegea kama kitambaa, kama siku za mwanzo, hauna alama yake hapa. Andika "umelegea", na usiuvute, bega linaweza kuchomoka.

Maumivu: chukua kijiti kipya cha meno chenye ncha upande mmoja. Sindano ya dawa usiguse, inatoboa ngozi. Mwonyeshe ncha na butu kwenye shavu zima, kisha afumbe macho. Gusa uso, mkono, paja na mguu bila mpangilio; ukifuata zamu atabahatisha. Alama: 2 sawa na upande mzima, 1 pungufu, 0 hasikii.

Swali: Mzee wangu hawezi kusema. Nifanyeje?
Jibu: Aonyeshe kwa kidole picha ya ncha au ya butu. Kama haelewi maelekezo, andika "haikupimika". Usiandike 0.

Swali: Dokta, mama hasikii kijiti, lakini shuka tu likimgusa analia linamuunguza. Nimkande maji ya moto?
Jibu: Hapana dada, usimkande. Ngozi isiyosikia huungua bila yeye kujua. Hayo yanaweza kuwa maumivu yanayoanzia ubongoni. Panadol mara nyingi haiyagusi. Mpeleke kliniki, yana dawa zake, na waeleze yote mawili: hasikii ncha, na shuka linamuunguza.