Kufundisha usanifu wa michoro kwa kusoma mitumbwi ya Kirumba

Siku ya somo la alama hakuna mwanafunzi wangu anayefungua kompyuta. Tunateremka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, kila mmoja na daftari lake. Neno semiotiki, yaani elimu ya alama na maana zake, nalitunza mpaka tukirudi darasani.

Kwanza, kila mmoja achague mtumbwi, aandike anachokiona tu: "Maandishi mekundu ya brashi, yana kivuli cheusi, yamelalia kulia." Anayeniletea "mwenye mtumbwi ni mcha Mungu" namrudisha akaangalie tena. Usiwaharakishe hapa hata jua likiwa kali.

Kisha wapange walichoandika kwa mafungu matatu ya Charles Sanders Peirce, yule mwanafalsafa Mmarekani. Sangara aliyechorwa ubavuni anafanana na sangara; hiyo ni taswira. Masizi kwenye karabai yametokana na moto. Hiyo ni dalili (siku hizi taa za sola ni nyingi, itafuteni karabai ya zamani). Namba ya usajili haifanani na kitu wala haikutokana na kitu, watu wamekubaliana tu; hiyo ni ishara.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kubadilisha kitu kimoja. Leta kanga darasani. Pindo na mji viache vilevile, badilisha jina: palipo na "Nani kama mama" bandika karatasi yenye "Wivu wako haunitishi". Uliza: sasa utampelekea nani? Mama mkwe akiipokea hiyo, kuna kikao cha ukoo. Halafu rudisha jina la kwanza, badilisha rangi, uliza tena. Wakishabishana vya kutosha ndipo namtaja Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, aliyesema kwamba maana hutokana na tofauti. Ukimleta mapema watasinzia.

Mwaka 1964 Roland Barthes, mwandishi Mfaransa, alichambua tangazo la tambi za Panzani, la Ufaransa. Nyanya, pilipili hoho na zile rangi nyekundu, kijani na njano zilimwambia Mfaransa "Italia"; Mwitaliano mwenyewe asingeshtuka. Wape wanafunzi kazi ya kubuni lebo ya dagaa wakiwa na hilo kichwani. Wengi watakimbilia kuchora Jiwe la Bismarck. Kwa mnunuzi wa Dodoma sawa, hiyo ni Mwanza. Lakini mchuuzi wa Kirumba analipita kila siku, litamwambia nini kuhusu dagaa? Na samaki anayetabasamu nimempiga marufuku.

Lebo ikichapwa, ibandikwe kwenye pakiti, ipelekwe kwa kina mama wanaouza dagaa. Mwanafunzi aulize tu, "Mama, shikamoo. Hiki unadhani ni cha nani?" Kisha anyamaze. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, yabandikwe juu ya mchoro siku ya kusahihisha.