Jinsi ya kuusoma mche wa mashapo na kujua bahari iliifanyia nini barafu ya kale

Barafu ikiyeyuka haiachi mifupa. Kinachobaki ni mzigo iliokuwa imeubeba: mchanga, changarawe na mawe iliyoyakwangua bara, ikayadondosha baharini. Mzigo huo hufukiwa na tope, pamoja na magamba ya viumbe wadogo walioishi katika maji ya wakati uleule. Ndiyo maana anayetaka kujua habari za barafuto, yaani mito ya barafu, ya miaka 20,000 au 60,000 iliyopita hupanda meli, akashusha bomba hadi sakafu ya bahari na kulivuta likiwa limejaa tope. Tope hilo likitoka zima kwenye bomba huwa refu kama mche wa sabuni, na sisi maabara tunaliita hivyohivyo: mche. Kazi yangu ni kuipasua, kuiosha na kuihesabu. Nitaeleza ninavyofanya, na mahali nilipopotea.

Kabla hujagusa tope, tafuta ramani ya kina cha sakafu mbele ya barafuto yenyewe. Wengi huruka hatua hii kwa hamu ya kufika kwenye hadubini, kisha hawaelewi wanachokiona. Barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, mbali na maji, bahari haiifikii moja kwa moja. Inayofikiwa ni ile iliyokanyaga sakafu iliyo chini ya usawa wa bahari. Tafuta mstari ambapo barafu huacha kugusa chini na kuanza kuelea, kisha utazame sakafu inaelekea wapi nyuma ya mstari huo. Ikiwa inazidi kushuka kadiri unavyoingia bara, hapo kuna hatari. Mstari ukirudi nyuma kidogo unafika penye kina zaidi, ambapo barafu ni nene zaidi, na barafu nene hutiririka kwenda baharini kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo mstari unarudi tena, hata kama maji hayajaongezeka joto. Mwanasayansi wa barafu Johannes Weertman alilieleza jambo hili mwaka 1974, na sehemu kubwa ya barafu ya Antaktika Magharibi imekaa juu ya sakafu ya namna hiyo. Tia alama pia kwenye kila tuta lililoinuka sakafuni. Tuta huishikilia barafu kama kigingi, tena huzuia maji ya kina yasiingie.

Kisha jizoeze kufikiri joto kama barafu inavyolipokea, siyo kama ngozi yako. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri, na kila ukishuka mita 1,000 kiwango hicho hupungua kwa takriban nyuzi 0.75, kwa sababu ya mgandamizo. Maji ya nyuzi 1 juu ya sifuri yakifika chini ya barafu kwenye kina cha mita 1,000, yana zaidi ya nyuzi 3 za ziada za kuyeyushia. Mkono wako ungekufa ganzi humo kwa dakika chache, lakini kwa barafu ni maji ya moto. Nikiandika “maji yenye joto” hapa chini, nazungumzia hayo.

Sasa pasua mche kwa urefu. Nusu moja ni ya kazi, nusu ya pili ni ya kumbukumbu, na hiyo usiitie kisu. Sawazisha uso wa nusu ya kazi kwa kukwaruza kutoka ubavu hadi ubavu, usikwaruze kwa urefu, la sivyo utaliburuta tabaka moja juu ya jingine. Piga picha tope likiwa bado bichi, maana rangi hubadilika likipigwa na hewa. Utaona tope laini la kijivu au la kahawia, na ghafla tabaka lenye chembe kubwa, pengine na kokoto moja imekaa peke yake katikati ya tope laini kabisa. Hapo simama. Mkondo wenye nguvu ya kusukuma kokoto ungelisomba tope lile lote. Kokoto hiyo ilitoka juu: ilibebwa na siwa barafu, pande lililomeguka na kuelea, likayeyuka na kuuachia mzigo.

Matabaka mashuhuri ya aina hii yako Atlantiki ya Kaskazini. Mwanajiolojia wa bahari Hartmut Heinrich aliyaeleza mwaka 1988, na leo yanaitwa kwa jina lake. Katika enzi ya barafu iliyopita huhesabiwa sita, la mwisho likiwa na umri wa karibu miaka 16,800 na la kwanza karibu 60,000. Mengi yamejaa chembe za mawe ya chokaa yaliyotoka Mlango wa Hudson, ambako ngao ya barafu ya Laurentide, iliyofunika sehemu kubwa ya Kanada, ilikuwa ikimwaga barafu yake baharini.

Kuosha ni kazi ya subira. Kausha sampuli, ipime uzito, iloweke, kisha imimine kwenye chekeche lenye matundu ya mikromita 63 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na upitishe maji polepole hadi yanayotoka chini yawe meupe. Usisugue kwa kidole, magamba yatavunjika. Yaliyobaki yakaushe kwa moto mdogo, uyachekeche tena kwa mikromita 150, halafu yamwage kwenye sahani nyeusi chini ya hadubini. Chembe za kwatzi zitang’aa kama vioo vilivyovunjika, kingo zake kali kwa sababu hazikuviringishwa na mto wala mawimbi. Kati yake utaona nyingine zenye kutu nyekundu, na vipande vya kioo cha volkano. Hivyo viandike peke yake, kwa sababu huonyesha kwamba barafu za pande nyingine nazo zilikuwa zikimwaga mzigo. Chembe unayoidhania chokaa itenge kwanza, ndipo uidondoshee asidi iliyozimuliwa. Ukiidondoshea sampuli nzima, magamba nayo yatatoa povu, nawe utadhani mche mzima umetoka Hudson.

Hesabu chembe zisizopungua 300, na matokeo uyaandike kwa idadi katika kila gramu, usiridhike na asilimia. Magamba yakipungua baharini, asilimia ya mawe hupanda hata kama hakuna jiwe moja lililoongezeka. Nimeona michoro mizuri iliyoharibiwa na kosa hili dogo.

Sasa magamba. Mengi yatakuwa ya foraminifera, viumbe wa chembe moja wanaojijengea nyumba ya chokaa. Katika maji baridi ya kaskazini utamkuta sana Neogloboquadrina pachyderma, gamba dogo nene lililojisokota kuelekea kushoto. Akitawala sampuli, maji ya juu yalikuwa baridi kama ya ncha ya dunia.

Hapa ndipo nilipopotea. Katika mche wa kwanza niliokabidhiwa peke yangu, nilihesabu pachyderma kwa wiki sita. Karibu na kila tabaka la mawe walijaa tele. Nikaandika kwamba bahari ilikuwa baridi mno barafu ilipovunjika, kwa hiyo bahari haihusiki. Mama aliyekuwa akituongoza alisoma ukurasa wangu, akavua miwani, akasema: “Mwanangu, hao wanakaa juu. Huko chini umemuuliza nani?”

Sikuwa nimemuuliza yeyote. Na jibu lote lilikuwa chini. Atlantiki hupeleka maji yenye joto kaskazini, ambako hupoa, hupata uzito na kuzama. Mzunguko huo ukilegea, juu hubaki maji baridi yenye chumvi kidogo, mepesi, yamejitandaza kama kifuniko. Joto linaloendelea kufika kutoka kusini linakosa pa kutokea, likajikusanya kwenye kina cha mamia ya mita, kilekile ambako barafuto zimekanyaga sakafu. Juu kunaganda huku chini kunachemka.

Kwa hiyo tafuta foraminifera wa sakafuni. Ni wachache, huenda ukaosha sampuli tatu upate magamba kumi yanayofaa. Chagua spishi moja, yasafishe vizuri, maana tope lililonasa ndani lina magnesi yake, kisha upime uwiano wa magnesi na kalisi. Kiumbe anapojenga gamba katika maji yenye joto zaidi, huingiza magnesi nyingi zaidi. Isotopi za oksijeni, yaani atomi za oksijeni zenye uzito tofauti, pia zisaidie, ila usizitegemee peke yake: huchanganya joto, chumvi na kiasi cha barafu iliyokuwa duniani.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachoamua kesi: kipi kilitangulia? Chora joto la chini na idadi ya mawe kwenye kina kimoja cha mche mmoja, kabla ya kubadilisha chochote kuwa miaka. Hapo umri hauwezi kukudanganya. Kilicho chini zaidi ni cha zamani zaidi, mradi minyoo haijauvuruga mche. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, wa mche uliochotwa upande wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ulikuta maji ya kina yalianza kupata joto kati ya miaka 1,000 na 2,000 kabla ya mawe ya tabaka la mwisho la Heinrich kudondoka. Joto kwanza, mawe baadaye.

Kwa umri, kaboni ya mionzi hufika hadi miaka 50,000 hivi. Kumbuka kwamba maji ya bahari yenyewe yana umri wa kaboni. Gamba la jana likipimwa linaweza kusoma miaka 400, na karibu na Antaktika zaidi ya 1,000. Usipoutoa umri huo, utalitanguliza tukio lililofuata.

Ukishapata mfuatano, rudi kwenye ramani yako, kwa sababu kuna swali litakalokusumbua: kwa nini barafu iliacha kurudi nyuma? Barafu nzito huididimiza ardhi iliyo chini yake. Ikiondoka, ardhi huinuka polepole, na tuta lililokuwa kwenye kina huja juu mpaka likaziba njia ya maji yenye joto. Barafu inaota tena, inasonga mbele, ardhi inadidimia, mlango unafunguka. Jeremy Bassis na wenzake walionyesha mwaka 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba mwendo huu unaweza kuzaa matukio ya Heinrich, yaani mimiminiko ya siwa barafu iliyoacha matabaka yale.

Sakafu nayo ina maandishi yake. Mbele ya barafuto ya Thwaites, huko Antaktika Magharibi, chombo kisicho na mtu kilipiga picha mwaka 2019 juu ya tuta lililo kwenye kina cha mita 700 hivi. Kilikuta vijituta zaidi ya 160 vimejipanga sambamba. Maji yakijaa, ukingo wa barafu uliinuka. Yakipwa, ulitua na kubonyeza tope, na siku iliyofuata ulitua nyuma kidogo. Ukipima nafasi kati ya kijituta na kijituta unapata mwendo wa siku moja. Hapo barafu ilirudi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2.1 kwa mwaka, kwa muda wa karibu miezi mitano na nusu. Sijui mashapo mengine yanayokupa barafu ya kale siku kwa siku namna hii.

Ukimaliza, funga nusu ya kumbukumbu kwa plastiki, ibandike lebo juu na chini ikiwa na mshale unaoonyesha upande wa juu, uirudishe kwenye chumba cha nyuzi 4. Mche uliopoteza mshale wake hauwezi tena kusema kipi kilitangulia.