Kuvua kwa Kayaki Mkiwa Kundi katika Mkono wa Bahari wa Kilifi

Kabla ya kupanga jambo lingine lolote, wanachama watazame jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, maji yanayotoka Kilifi kuelekea bahari kuu huwa na nguvu ya kumshinda hata mpiga kafi hodari. Siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu, ndizo zinazolifaa kundi lenye wageni, hasa katika miezi ya kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki), ambapo bahari huwa shwari kuliko wakati wa kusi (upepo wa kusini). Wakishuka majini alfajiri, maji yakiwa yanajaa, mkondo utawapeleka ndani badala ya kuwasukuma mlangoni kuelekea bahari kuu.

Kila mmoja avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni; lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu. Mzoefu mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho, na wote wabaki mahali wanapoweza kusikia kipenga.

Nanga ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kamba yake ifungwe omo (mbele) au tezi (nyuma), kamwe si ubavuni, kwani mkondo ukiivuta kayaki kwa ubavu huweza kuipindua mara moja. Na kisu cha kuikatia kamba hiyo kiwe karibu na mkono. Kayaki ziachiane nafasi ya kutosha ili kolekole akinasa na kukimbia, mishipi isisokotane. Aliyenasa tasi aichomoe ndoana kwa koleo bila kumshika samaki mkononi, kwa kuwa miba yake ina sumu, na maumivu yake si ya mzaha.