Ukitoka nje ya njia na baiskeli: jinsi ya kuiongoza programu ya ramani

Programu ya ramani haijui kwa nini umeacha mstari wa njia uliyopanga. Umepitiliza kona, daraja limekatika, au umeona kibanda cha chai upande wa pili: kwake yote ni kosa moja, na kwa kawaida dawa ni moja tu, kukuvuta urudi mstarini kwa njia iliyo karibu. Kwa hiyo mambo mengi yanatakiwa kupangwa kabla hujapanda baiskeli.

Mfano hapa ni OsmAnd, kwa kuwa inafanya kazi bila intaneti na inakuachia mipangilio mingi. Pakua ramani ya nchi nzima ukiwa na Wi-Fi. Usitegemee Google Maps pale mtandao unapokatika, maana bila intaneti inatoa maelekezo ya gari, si ya baiskeli. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, uiruhusu OsmAnd ifanye kazi bila kubanwa. Usipofanya hivyo, simu nyingi za Android huizima kimyakimya skrini ikilala, nawe utagundua baada ya kilomita kadhaa.

Halafu fungua wasifu wa baiskeli, mipangilio ya uelekezaji, utafute sehemu ya kupiga hesabu ya njia upya. Unaweza kuchagua umbali wa kutoka mstarini kabla haijabadilisha njia. Mjini, mita 50 zinatosha. Milimani weka umbali mkubwa zaidi, au zima kabisa na ufuate faili la GPX (faili lenye njia uliyoipanga) kama mstari tu kwenye ramani. Wazoefu wengi huchagua kuzima. Simu inayopiga hesabu kila dakika inamaliza chaji, na inakupa maelekezo mapya wakati mikono yote miwili iko kwenye breki.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, nchini Tanzania, takriban kilomita 33 na karibu mita 1,000 za kupanda, inaonyesha tatizo vizuri. Kona zake zimepandana, kipande cha juu kinapita karibu na cha chini, na ukuta wa mlima unaziba setilaiti. Doa lako kwenye ramani linaweza kuruka mita 30 pembeni, na programu ikadhani uko kona ya juu. Hapo usigeuze. Endelea mita 200 hivi. Doa likirudi lenyewe, hukupotea. Simu iliyofungwa kwenye usukani, ikiona anga, husoma vizuri kuliko iliyo mfukoni mwa nyuma.

Kama kweli umepitiliza, angalia umbali na mteremko. Chini ya nusu kilomita kwenye tambarare, rudi tu. Kutafuta njia ya mkato ni kujitafutia kazi. Ukiwa umeshuka sana, fikiri kwanza: mita 400 za kupanda kwa baiskeli yenye mizigo ni kama saa nzima. Huenda kuna mahali mbele pa kuushika mstari bila kurudi juu.

Njia ikiwa imefungwa, fanya hivi:

1. Simama nje ya barabara, sitisha uelekezaji.
2. Punguza ukubwa wa ramani hadi uone kikwazo na kilomita 5 hadi 10 za mstari mbele yake.
3. Bonyeza na ushikilie mahali kwenye mstari *baada* ya kikwazo, ambapo njia nyingine inaukuta, na upafanye kituo cha kwenda. Usiweke kituo karibu mno na kikwazo, la sivyo programu itakupitisha palepale palipofungwa.
4. Ikiendelea kung'ang'ania, iongeze barabara ile kwenye orodha ya barabara za kuepuka.
5. Soma mchoro wa miinuko kabla ya kukubali. Kilomita chache zinaweza kuficha bonde linaloshuka hadi mtoni na kupanda tena.
6. Ukifika kituoni, fungua tena faili la GPX na uchague kuanzia sehemu iliyo karibu nawe. Ukichagua mwanzo wa njia, itakurudisha ulikotoka asubuhi.

Kati ya hatua ya tano na ya sita, uliza watu. Madereva wa bodaboda wanajua njia kuliko ramani yoyote, ila uliza swali lenye jibu la kueleweka. "Ni mbali?" halikusaidii. Uliza: "Pikipiki inapita leo? Maji ya mto yanafika wapi, magoti au kiuno?" Vijia vingi vya vijijini vimechorwa ramani bila maelezo ya udongo au ngazi, kwa hiyo programu inavihesabu kuwa vinapitika.

Kuna mtego mwingine wa njia za kuzunguka zinazoanzia na kuishia mahali pamoja. Ukianza pale, programu inaweza kutangaza kuwa umefika. Kata faili vipande viwili, cha kwenda na cha kurudi, ndipo itatulia.

Ukishapata mtandao, acha ujumbe kwenye OpenStreetMap (OSM), ramani huria ambayo OsmAnd huitumia, kuhusu daraja lililokatika. OsmAnd ina programu-jalizi ya kuhariri OSM kwa kazi hiyo. Taja tarehe, ni upande gani wa mto, na kama mtu anaweza kuvuka akibeba baiskeli begani.