Msumeno mdogo wa betri kwa miti ya nyumbani: chagua betri na mnyororo kwanza, mashine baadaye

Wateja wangu hapa Arusha wakitaka ushauri wa msumeno wa betri huanza na jina la kampuni. "Fundi, nichukue Makita au Ingco?" Swali si baya, limekuja mapema tu. Kazi ya kupogoa miti ya nyumbani, yaani mparachichi uliolalia paa, mgrevilea wa mpakani, ua wa michongoma uliogeuka msitu, inategemea mambo mawili: betri yenye nguvu ya kweli, na mnyororo ambao ukiisha utapata mwingine dukani. Mwili wa mashine unafuata baada ya hapo. Utaratibu ninaoutumia ninapomnunulia mteja ndio huu.

Hatua ya 1: Pima matawi ukiwa bado nyumbani

Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kwenye tawi nene kuliko yote utakayokata, kisha gawanya mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 47 ni kipenyo cha sentimita 15. Wengi wakishapima hushangaa, maana tawi walilokuwa wakiliogopa linakuwa na sentimita 12 tu.

Bapa la msumeno, lile linalobeba mnyororo, lizidi kipenyo hicho kwa sentimita 5 hivi. Matawi ya sentimita 10 yanatosheka na bapa la sentimita 15. Ya sentimita 20 yanataka bapa la 25 au 30. Usinunue refu kwa kujipa moyo: bapa refu kwenye mota ndogo linamaliza betri bure na linachosha mkono.

Kama shida yako ni kuangusha mikaratusi au kupasua mbao, msumeno huu si wako. Kama shamba lako ni migomba na minazi, baki na panga. Nyuzi zake hujisokota kwenye gia ya mnyororo, na utatumia muda mwingi kufungua kifuniko na kuzichomoa kuliko kukata.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Kuna maumbo matatu utakayokutana nayo. La kwanza ni lile dogo la mkono mmoja, bapa sentimita 10 hadi 15. Stihl GTA 26 ni mfano mzuri: bapa la sentimita 10, betri ya volti 10.8. Kwa bustani ya kawaida mjini, hili linatosha.

La pili ni la mikono miwili lenye kishikio cha nyuma, bapa sentimita 25 hadi 35. Hili ndilo ningempa mwenye ekari moja au mbili zenye miti ya matunda na kuni za kukatakata.

La tatu lina kishikio cha juu. Limetengenezwa kwa ajili ya wapandaji miti wenye mikanda na kamba. Linavutia kwa kuwa ni fupi, lakini linamshawishi mtu akate kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika ngazi. Kama hupandi miti kwa kazi, liache dukani.

Hata lile dogo lina hatari yake, na watu hulidharau kwa sababu linafanana na kifaa cha kuchezea. Mkono wa kulia unashika msumeno, wa kushoto unashika tawi sentimita chache kutoka kwenye mnyororo. Tawi likikatika ghafla, msumeno unaendelea na safari kuelekea kwenye vidole.

Hatua ya 3: Soma betri, usisome stika

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani, na ikijaa hufika 4.2. Seli 5 zikiunganishwa mfululizo zinatoa volti 18, na zikijaa ni 21. Seli 10 ni volti 36, na zikijaa ni 42. Ndiyo maana DeWalt inayoandikwa volti 20 Marekani inaandikwa 18 Ulaya, na hakuna aliyedanganya: mmoja ametaja kilele, mwingine wastani.

Sasa njoo kwenye ile misumeno ya bei ya chini iliyojaa mitandaoni, betri imeandikwa "48VF", "88VF", hata zaidi. Hizo si volti. Geuza chaja yake usome maandishi madogo pale palipoandikwa umeme unaotoka. Ukikuta 21V, ndani kuna seli 5 mfululizo, basi, hata kama stika ya nje inasema 88. Ukikuta 12.6V, ni seli 3. Chaja ya betri ya seli 10 itaandikwa 42V. Stika ya betri ni ya kumvutia mnunuzi, lakini chaja inayotoa volti zisizolingana na seli itaharibu betri, kwa hiyo kwenye chaja mtengenezaji kwa kawaida huandika ukweli.

Kisha tazama Ah, yaani ampea-saa, kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, ambacho ndicho kipimo cha kulinganisha betri mbili. Volti 18 kwa Ah 5 ni wati-saa 90. Mota ikivuta wati 500 kwenye mti mgumu, hiyo ni dakika 10 au 11 za kukata mfululizo. Inasikika kidogo, lakini kupogoa si kukata mfululizo. Unakata sekunde 5, unavuta tawi, unahama. Wati-saa 90 zinamaliza mparachichi mmoja mkubwa na kubakiza.

Kuna jaribio la mizani pia. Seli za kawaida za ukubwa wa 18650 zina uzito wa gramu 45 hivi kila moja, na zile nzuri hazizidi Ah 3.5. Betri nyepesi ya gramu 300 yenye seli 5 za aina hiyo haiwezi kuwa na Ah 10, iandikwe wino wa dhahabu. Muuzaji akikataa betri iwekwe kwenye mizani, nenda duka linalofuata.

Kuhusu mota, dai isiyo na kaboni (huandikwa "brushless"). Ile yenye kaboni hupata moto haraka, hula umeme zaidi, na kaboni zenyewe huisha. Bei hupanda kidogo na inastahili.

Na kama tayari una drili au grainda ya betri nyumbani, anzia hapo. Msumeno unaotumia betri za familia hiyohiyo, ukiuzwa bila betri, utakugharimu kidogo sana kuliko kuanza upya.

Hatua ya 4: Chaja na soketi

Hii inawahusu hasa wanaoletewa vifaa na ndugu walio Marekani. Chaja nyingi za vifaa vya kazi za kule ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 inaungua hapohapo. Mwambie ndugu yako asome sehemu ya umeme unaoingia: kama haijaandikwa 100–240V, aache chaja huko, ununue ya hapa ya betri ya aina hiyohiyo.

Kwenye ndege, betri za ziada hazikai kwenye begi la chini, zinaingia na abiria ndani, zikiwa zimezibwa ncha. Chini ya wati-saa 100 hazina shida. Kati ya 100 na 160 zinahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 haziruhusiwi kwa abiria. Ile betri ya volti 18 na Ah 5 inapita kwa wati-saa zake 90, ya Ah 6 ina 108 na inahitaji ruhusa.

Hatua ya 5: Mnyororo, na duka litakalokuuzia wa pili

Kwenye bapa, karibu na mwili wa mashine, kumechongwa namba. Unazihitaji tatu.

Ya kwanza ni pichi: umbali kati ya riveti tatu zinazofuatana, ukigawanya kwa mbili. Misumeno midogo kabisa hutumia inchi 1/4, ya mikono miwili mara nyingi ni 3/8 ya umbo la chini ("low profile"). Ya pili ni geji, unene wa yale meno ya chini yanayotembea ndani ya mfereji wa bapa, kwa kawaida milimita 1.1 au 1.3. Ya tatu ni idadi ya meno hayo ya chini. Namba moja ikikosea, mnyororo hauingii au unaruka ukiwa kazini.

Piga picha namba hizo. Kabla ya kulipia mashine, tembea maduka mawili ya vipuri, Gerezani kama uko Dar, Kirinyaga Road kama uko Nairobi, uulize mnyororo wa namba hizo. Ukikosa kote, mashine hiyo utaitumia hadi mnyororo wa kwanza uishe. Mimi huacha hata mashine nzuri kwa sababu hii.

Nunua tupa ya mviringo siku hiyohiyo. Pichi ya 3/8 ya umbo la chini inataka tupa ya milimita 4.0, na nyingi za 1/4 zinataka ya milimita 3.2, ambayo ni adimu zaidi. Unanoa kwa kusukuma mbele tu, pembe ya nyuzi 30, kila jino idadi ileile ya misukumo. Ukinoa upande mmoja zaidi ya mwingine, msumeno utakata ukipinda.

Hatua ya 6: Mafuta na breki

Msumeno wa mikono miwili uwe na tangi la mafuta linalolisha mnyororo wenyewe. Mdogo wa mkono mmoja mara nyingi hauna, utadondoshea matone kila baada ya muda. Usitie oili chafu ya gari: ina chembe za chuma zinazokwangua bapa, na inarukia uso wako na shina la mti. Mafuta ya alizeti yanafaa kwa dharura, mradi uyafute jioni kabla hayajaganda.

Breki ya mbele ni lazima kwenye wa mikono miwili. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti, mashine nzima inarushwa kuelekea usoni, na breki ndiyo inayosimamisha mnyororo. Kwenye mdogo hakikisha angalau kuna kitufe cha usalama unachobonyeza kabla ya swichi, na kinga juu ya bapa.

Hatua ya 7: Kaunta

Shika mashine ikiwa na betri ndani, si ile tupu ya maonyesho. Inyooshe mbele kwa dakika moja. Vuta mnyororo katikati ya bapa kwa upande wa chini: ushuke kidogo lakini meno yake yasitoke kwenye mfereji, kisha uachie urudi wenyewe. Washa, achia swichi, na mnyororo usimame mara moja. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, uulize kama waranti inagusa betri, maana mara nyingi betri ina muda wake mfupi.

Pesa ikibaki ya kitu kimoja tu, nunua mnyororo wa pili kabla ya betri ya pili. Mnyororo butu unakula betri mbili na kazi haiishi. Miwani, glovu na viatu vilivyofunikwa sivihesabu kama nyongeza, viwe kwenye bei tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Ijaribu waranti ikiwa bado mbichi

Usianze na mti uliogusa nyaya, huo ni wa TANESCO. Na kama nia ni kung'oa mti mzima badala ya kupunguza matawi, ulizia kibali serikali ya mtaa au ofisi ya misitu kwanza.

Chagua tawi la sentimita 8. Kata kutoka chini, theluthi moja ya unene, sentimita 20 hadi 30 mbele ya shina. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke bila kuchana gome. Kisiki kilichobaki kikate karibu na shina, nje ya ule uvimbe wa gome.

Tazama kilichoanguka chini. Vipande vidogo vya mti vinaonyesha mnyororo unakata. Unga mwembamba, kwenye mashine mpya, ni mnyororo mbovu au uliofungwa kinyume. Meno yaliyo juu ya bapa yatazame mbele, kuelekea kwenye ncha. Kama yanatazama mbele na bado unga unatoka, au bapa linavuta upande mmoja, au betri iliyojaa inazima kwenye tawi la sentimita 8, rudisha kila kitu ndani ya boksi lake na risiti, uende dukani siku hiyohiyo.