Kabla hujapiga kiki, inama uangalie cheni

Cheni yangu ilinisemesha wiki nzima kabla ya kuniangusha. Kila nikiondoka na gia ya kwanza inalia tak, tak, nami naijibu kwa kuvuta mafuta zaidi. Siku ya nane, kwenye mteremko, ikaachia, ikajikunja kati ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, na mkono unaoshika tairi. Tairi likaganda. Pikipiki ikaserereka huku mkia ukicheza kushoto na kulia, na nyuma yangu lori linapiga honi. Nilipona kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo na dereva wa lori alikuwa ameacha nafasi. Nilipoinama kutazama, klipu ya kiungo cha kuungia haikuwepo, na kibati chake cha pembeni kilikuwa kimeshaanguka zamani.

Kwa hiyo mimi huanza na klipu. Ni kitu kidogo kuliko ukucha, kinachozuia kibati cha kiungo kisichomoke, chenye ncha moja iliyofungwa na nyingine iliyo wazi. Ncha iliyofungwa itazame kule cheni inakokwenda. Hapa wengi hujichanganya, maana cheni ya juu huenda mbele na ya chini hurudi nyuma. Klipu ikiwa upande wa juu, ncha iliyofungwa ielekee taa ya mbele. Ikiwa chini, ielekee tairi la nyuma. Ukiigeuza, jiwe au kijiti kikigonga ule upande wazi kinaweza kuichomoa.

Kisha mlegeo, na hapa naomba ukae kidogo, kwa sababu wengi huogopa cheni iliyolegea na kuipenda iliyokazwa kama waya wa gitaa. Cheni iliyolegea angalau hupiga kelele. Iliyokazwa mno hunyamaza huku ikila beringi za giaboksi na kujivuta yenyewe. Sababu ni hii: ukipakia abiria au gunia, shokapu zinabonyea, tairi la nyuma linapanda, na ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele. Mlegeo ulioupima pikipiki ikiwa tupu unapungua. Kama haukuwepo tangu mwanzo, kila shimo unaloingia linaivuta cheni ile.

Pima katikati ya cheni ya chini, injini imezimwa, gia iko huru. Isukume juu na chini kwa kidole, uone inacheza kiasi gani. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 20 na 30, lakini fuata kipimo cha kitabu chake au stika iliyobandikwa kwenye mkono wa tairi. Usipime mahali pamoja. Zungusha tairi, pima tena mara tatu au nne, kwa kuwa cheni iliyochakaa haivutiki sawasawa: hapa inaning'inia, pale imekaza. Rekebisha ukifuata pale ilipokaza zaidi. Hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana, kaza nati, halafu upime upya, kwani kule kukaza kwenyewe huweza kuisogeza.

Meno ya sproketi hayahitaji mjadala. Yakipinda kama kulabu, badilisha. Ishike cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute: ikiinuka hata nusu ya jino ionekane, imekwisha. Na ubadilishe seti nzima. Cheni mpya juu ya meno mabovu ni kutupa pesa.

Oili ipakwe baada ya safari, cheni ikiwa bado na joto, upande wa ndani. Zungusha tairi kwa mkono. Usiwashe injini na kutia gia ili cheni izunguke yenyewe. Kitambaa kikinaswa, vidole hufuata. Cheni yenye vipete vya mpira isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli na brashi ya waya huviharibu.

Safari ndefu, beba klipu mbili, kiungo cha akiba, plaizi na spana ya ekseli. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa cheni kabla ya kununua kiungo: cha 520 hakiingii kwenye 428. Tarakimu ya kwanza ni umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi, hivyo pini za 428 zinaachana milimita 12.7 na za 520 milimita 15.875.

Na ikikatika njiani? Ukisikia injini imepaa ghafla na pikipiki haivuti, achia mafuta, bana klachi, sogea pembeni taratibu. Tairi likiganda, klachi huenda isikusaidie: shika usukani ukiwa umenyooka na usiibane breki ya mbele kwa pupa. Ukisimama, iondoe pikipiki barabarani kwanza ndipo uanze kutafuta kibati kilichodondoka.