Unameza dawa za sukari na bado unakunywa mululuza? Soma hii

Mama yangu ana sukari, anameza metformin na glibenclamide, na asubuhi bado anachemsha mululuza, yale majani machungu ya nyuma ya nyumba. Sijamkataza, ila tumeweka utaratibu.

Vidonge haviachwi, hata ukijisikia poa vipi. Halafu beba hayo majani kliniki, weka mezani mbele ya daktari, sema unakunywa kikombe kingapi na saa ngapi, maana mululuza nayo inaweza kushusha sukari, ukichanganya na glibenclamide unaweza kujikuta mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio. Ikitokea hivyo, kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida au lamba vijiko 3 vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kama bado iko chini rudia.

Kitu chenye ushahidi wa kweli kabisa ni kutembea, dakika 150 kwa wiki. Mama anaenda Kalerwe sokoni kwa miguu, bodaboda hapandi tena.

Zile chupa za dawa za mitishamba zinazouzwa teksipaki (stendi ya teksi), zisizosajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, usiguse, tafadhali.